Namna ya Kusoma na Kuandika Rangi za Paka

Paka wetu alipopotea kwa mara ya kwanza, tulibandika tangazo kwenye duka la jirani na kwenye nguzo ya umeme lililosema kwamba anatafutwa paka wa kijivu mwenye milia. Kwa siku tatu tuliletewa paka watano, wote wa kijivu, wote wenye milia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wetu. Mzee anayeuza samaki sokoni, ambaye paka wa mtaa mzima humzunguka kila asubuhi, aliniuliza: "Mwanangu, paka wenu kidevu chake kina rangi gani? Na soksi anazo miguu mingapi?" Nilikuwa nimeishi na mnyama yule miaka minne, nami nilishindwa kumjibu.

Paka alirudi mwenyewe usiku wa nne. Tangu hapo nimejifunza kumsoma paka kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaoueleza hapa, kwa sababu nimeona unafaa kwa mengi zaidi ya kutafuta aliyepotea: unafaa kwa kujaza kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuweka kumbukumbu za paka wa mtaani waliokwisha kuhasiwa, na kwa kueleza watoto wa paka wanaotafutiwa makao kwa namna ambayo anayewapokea hatashangaa akiwaona. Msingi wake ni mmoja. Manyoya ya paka, hata yawe na sura gani, yametengenezwa kwa rangi mbili tu, nyeusi na ile nyekundu tunayoiita ya chungwa. Mengine yote unayoyaona ni rangi hizo mbili zikiwa zimepauka, zimechanganyika, zimekatwakatwa katika milia, au zimezuiwa kabisa zisitokee. Ukiuliza maswali kwa mpangilio unaofaa, hakuna paka atakayekushinda kumwandika.

Hatua ya kwanza: tafuta mwanga unaofaa

Mwangalie paka mchana, akiwa amekwisha kula na ametulia, kivulini karibu na mlango au dirisha. Taa ya njano humfanya paka wa kijivu aonekane wa kahawia, na jua kali humfanya paka mweusi aonekane mwekundu mgongoni. Usimkandamize wala kumgeuza kwa nguvu. Mambo ya tumboni utayaona atakapojilaza mwenyewe. Chukua karatasi, chora umbo la paka mara mbili, ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto, kwa sababu pande hizo mbili hazifanani kamwe, na watu wengi huchora upande mmoja wakadhani wamemaliza.

Hatua ya pili: tenga nyeupe

Anza na sehemu nyeupe kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Nyeupe kwa paka si rangi, ni mahali ambapo rangi haikufika. Mtoto wa paka anapokuwa bado tumboni mwa mamake, seli zitakazotengeneza rangi huanzia kwenye mstari wa mgongo na kusafiri kuteremka kuelekea tumboni, kifuani na miguuni. Zikichelewa au zikiwa chache, maeneo ya mbali hubaki bila rangi. Ndiyo maana nyeupe karibu daima huanzia vidoleni, kifuani, kidevuni na tumboni, na ndiyo maana paka mwenye nyeupe nyingi mno hubaki na rangi mkiani na juu ya kichwa tu, kama paka wa aina ya Turkish Van. Ukimkuta paka aliye mweupe mgongoni na mweusi tumboni, tazama tena, kwa kuwa huenda unamwona kinyume.

Andika kila mguu peke yake: soksi imeishia vidoleni, imefika kwenye kifundo, au imepanda hadi pajani. Kisha nenda usoni. Je, mstari mweupe wa pua umepanda hadi kwenye paji la uso, au umekomea kati ya macho? Umenyooka au umeegemea upande mmoja? Kidevu ni cheupe chote au nusu? Mipaka hii haibadiliki paka anapokua, haififishwi na jua, na haifanani kati ya paka wawili, hata waliozaliwa tumbo moja. Ukiwa na muda wa kuandika jambo moja tu, andika mipaka ya nyeupe.

Paka mweupe mwili mzima ni suala jingine, na linastahili uangalifu wa ziada. Huyo mara nyingi ana rangi zake kama paka mwingine yeyote, lakini jeni moja, yaani agizo moja la urithi ndani ya seli, imezifunika zote kama shuka. Wengine huzaliwa na doa dogo la kijivu au jeusi utosini linalofutika wanapokua. Jeni hiyohiyo inaweza kuharibu sikio la ndani. Paka mweupe mwenye macho ya buluu yuko katika hatari kubwa ya kuwa kiziwi, na mwenye jicho moja la buluu anaweza kuwa kiziwi upande huo pekee. Ili kumpima, usipige makofi nyuma yake, kwa sababu atahisi upepo wa mikono yako na mtikisiko wa sakafu. Piga mluzi au gonga kijiko kwenye bakuli ukiwa nyuma ya mlango, akiwa ametazama pengine. Akiwa kiziwi, asiachwe kuzurura barabarani, kwa kuwa hatasikia bodaboda wala mbwa.

Nchi zetu za karibu na ikweta zina tatizo jingine ambalo wafugaji wengi hulichukulia kuwa jeraha la kupigana. Masikio meupe na pua ya waridi havina kinga dhidi ya jua, na miaka ya kuota jua huleta saratani ya ngozi, ambayo huanza kama ukoko mdogo kwenye ncha ya sikio usiotaka kupona. Kwa hiyo, unapoandika kwamba masikio ni meupe, andika pia hali ya ncha zake. Mzuie paka huyo asilale juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na ukoko uliokaa wiki kadhaa bila kupona mwonyeshe daktari wa mifugo mapema, wakati tiba bado ni rahisi.

Hatua ya tatu: uliza kama ni nyeusi, chungwa, au zote mbili

Sasa ifumbie macho nyeupe, utazame sehemu zenye rangi tu. Hapa ndipo palipo na utajiri wa jambo zima, nami nakuomba uvumilie maelezo, kwa sababu ukiyaelewa utaweza hata kukisia watoto watakuwa na rangi gani kabla hawajazaliwa.

Jeni inayoamua kama nywele itakuwa ya chungwa imebebwa na kromosomu X, mojawapo ya nyuzi mbili za urithi, X na Y, zinazoamua jinsia. Dume ana X moja na Y moja, hivyo hana njia ya kati: ama ni wa chungwa, ama ni wa kundi la weusi. Jike ana X mbili. Zote mbili zikibeba chungwa, atakuwa wa chungwa. Zote zikibeba nyeusi, atakuwa wa kundi la weusi. Zikitofautiana, atakuwa na rangi zote mbili kwa pamoja. Mwanasayansi Mwingereza Mary Lyon alieleza mwaka 1961 jinsi jambo hilo linavyotokea kwa wanyama wa kike: mapema sana tumboni, kila seli huzima X moja na kuiacha nyingine ifanye kazi, na vizazi vyote vya seli hiyo hufuata uamuzi huohuo. Kila baka la chungwa unaloliona kwenye ubavu wa paka ni ukoo wa seli zilizozima X yenye nyeusi, na kila baka jeusi ni ukoo uliofanya kinyume chake.

Paka mwenye mchanganyiko huo bila nyeupe, au mwenye nyeupe kidogo sana, huonekana kama aliyemwagiwa rangi ovyo, nywele za chungwa zikiwa zimepenyezwa katikati ya nyeusi. Akiwa na nyeupe nyingi, mabaka huwa makubwa na yenye mipaka safi, na huyo ndiye paka wa rangi tatu anayependwa na wengi. Wa aina zote mbili karibu wote huwa ni majike. Ukiambiwa umeletewa dume wa rangi tatu, kwanza tazama tena chini ya mkia. Akiwa kweli ni dume, basi karibu kila mara ana X mbili na Y moja, na inakadiriwa kwamba kati ya paka wapatao 3,000 wa rangi tatu, mmoja tu ndiye dume, naye kwa kawaida hazai.

Kutokana na hayo unaweza kukisia mengi. Mama wa chungwa atazaa madume wa chungwa watupu, isipokuwa wawe wamefunikwa na nyeupe. Mama mweusi aliyepandwa na dume wa chungwa atazaa majike wenye rangi mbili na madume wa kundi la weusi. Ndiyo sababu paka wengi wa chungwa unaowakuta mtaani ni madume: jike huhitaji kurithi chungwa kutoka kwa baba na kwa mama pia, ilhali dume hurithi kwa mama tu. Usitumie hesabu hiyo kumtafuta baba mmoja wa tumbo zima, kwa kuwa paka jike anaweza kubeba watoto wa madume wawili au watatu kwa wakati mmoja.

Watu walijua kwa zaidi ya miaka mia moja kwamba chungwa hufuata jinsia, lakini jeni yenyewe haikujulikana. Mwaka 2025 makundi mawili ya watafiti, moja la Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani na jingine la Chuo Kikuu cha Kyushu nchini Japani, yalichapisha jibu lilelile: paka wa chungwa wamepungukiwa na kipande cha DNA chenye herufi zaidi ya 5,000 karibu na jeni iitwayo ARHGAP36. Na kwa anayedhani kwamba mabaka ya paka wa rangi tatu yanaweza kurudiwa, upo mfano wa CC, paka wa kwanza kuzalishwa kwa kunakili seli, aliyezaliwa Desemba 2001 katika Chuo Kikuu cha Texas A&M. Seli ilitoka kwa paka wa rangi tatu aliyeitwa Rainbow. CC alizaliwa na milia na nyeupe, bila hata unywele mmoja wa chungwa.

Hatua ya nne: pima ukali wa rangi

Kijivu kilichokolea, kile cha moshi wa mkaa, ni nyeusi iliyopauka. Chembe za rangi ndani ya unywele zimejikusanya katika mafungu badala ya kutawanyika sawasawa, na macho yetu yanaona kijivu. Badiliko hilohilo likimpata paka wa chungwa hugeuka rangi ya malai, na likimpata jike wa rangi tatu unapata kijivu, malai na nyeupe, mchanganyiko mpole ambao mimi naupenda kuliko yote. Kupauka huku kunahitaji kurithiwa kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo paka weusi wawili wanaweza kuzaa mtoto wa kijivu, wala usimshuku dume wa jirani.

Usichanganye kupauka kwa kuzaliwa na kuungua kwa jua. Paka mweusi anayelala juu ya bati au ukutani hugeuka wa kahawia nyekundu mgongoni. Panua manyoya kwa vidole viwili utazame shina: likiwa jeusi na ncha nyekundu, ni jua. Wekundu ukienea mwili mzima kwa paka asiyeota jua, chunguza chakula chake, kwa kuwa rangi nyeusi hutengenezwa kutokana na protini, na paka anayelishwa ugali na mabaki ya wali huikosa.

Hatua ya tano: soma milia

Ninapendekeza uanze na unywele mmoja. Okota ulioanguka kwenye mkeka, uuweke juu ya karatasi nyeupe. Unywele wa paka wetu aliyepotea, yule niliyemwita wa kijivu, una shina la kijivu, kisha pingili ya rangi ya majani makavu, kisha ncha nyeusi. Hakuwa wa kijivu hata kidogo. Alikuwa paka wa kundi la weusi ambaye nywele zake zina pingili, na zile pingili za njano zikichanganyika na ncha nyeusi ndizo zilizonidanganya kwa mbali. Kwenye milia yenyewe, unywele ni mweusi karibu mwote.

Hilo ndilo vazi la asili. Paka wa kufugwa walitokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Karibu, ambaye bado yupo katika nyika zetu, na milia yake myembamba humficha kwenye nyasi. Kila paka mwenye milia ana alama inayofanana na herufi M kwenye paji la uso na mstari mweusi unaotoka pembe ya jicho kama wanja. Paka mweusi mtupu naye ana milia, ila imezibwa. Mtazame akiwa mtoto chini ya jua la asubuhi utaiona ikitokeza kama kivuli. Kwa paka wa chungwa jeni inayoziba milia haina nguvu, ndiyo maana hutamkuta wa chungwa asiye na milia hata kidogo. Ukimwona hivyo, tazama paji la uso na mkia.

Baada ya hapo amua milia ni ya namna gani. Ikiwa ni myembamba na inashuka ubavuni sambamba kama mifupa ya samaki, andika milia myembamba. Ikiwa imekatika vipande, andika madoa, au milia iliyokatika. Ikiwa ubavu hauna milia wala madoa bali nywele zote zina pingili, kama paka wa aina ya Abyssinian, andika hivyo, ukikumbuka kutazama miguu na mkia ambako milia hubaki. Namna ya nne ni milia mipana inayozunguka na kufanya duara kubwa ubavuni, na mabawa kama ya kipepeo mabegani.

Milia hii mipana ni badiliko la karibuni. Mifupa na ngozi za kale zilizochunguzwa hazina jeni yake hadi Zama za Kati. Mwaka 2012 watafiti waliitambua jeni hiyo, Taqpep, wakagundua kwamba hitilafu ndani ya jeni hiyohiyo ndiyo inayomfanya duma wa kusini mwa Afrika aitwaye duma mfalme awe na mistari mizito mgongoni badala ya madoa ya kawaida. Nimeitaja kwa sababu sisi wa pwani tunayo sura yake ya pekee. Karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuna paka ambao Wagiriama huwaita khadzonzo. Wana milia mipana ya mzunguko, lakini katikati ya kila mzunguko nywele zenye pingili zimepenya, hata ubavu unafanana na gome la mti mkongwe. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyeishi karibu na Watamu, aliwakuta watoto wao shambani akaanza kuwafuga. Baadhi ya paka hao walipelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la wafugaji paka la FIFe liliwatambua kuwa aina kamili kwa jina la Sokoke. Ukimkuta paka wa namna hiyo kwenye boma la Kilifi, usiandike "madoadoa". Mwandike kama alivyo, mzunguko uliotobolewa katikati.

Hatua ya sita: tazama ncha na shina, kisha joto

Panua manyoya ya mgongo. Paka mweusi mwenye mashina meupe kabisa ni wa moshi, na anapotembea utaona weupe ukimetameta. Mwenye milia nyeusi juu ya shina jeupe bila unjano wowote ni wa fedha. Mtaani ni nadra, wala hupaswi kukaa hapa muda mrefu.

Paka mwenye mwili wa malai na uso, masikio, miguu na mkia mweusi ana damu ya paka wa Siam. Kimeng'enya chake cha rangi, yaani protini inayosaidia kutengeneza rangi, hufanya kazi pale tu mwili unapopoa, kwa hiyo watoto wake huzaliwa weupe kutokana na joto la tumbo la mama, na rangi huanza kwenye ncha za mwili baada ya siku kadhaa. Akinyolewa kwa upasuaji, manyoya yanaweza kurudi yakiwa meusi kwenye sehemu iliyopoa. Huo si ugonjwa, na yatarejea rangi yake yatakapobadilika tena.

Hatua ya saba: andika, na upige picha

Andika kwa mpangilio uleule uliotazama: jinsia na umri, nyeupe na mipaka yake, rangi ya msingi, ukali wake, milia, na mwisho alama zisizotokana na rangi, kama mkia uliopinda, kovu, au ncha ya sikio iliyokatwa ikinyooka, ambayo kwa paka wa mtaani mara nyingi ni ishara kwamba amekwisha kuhasiwa. Piga picha tano: uso, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, mgongo kutoka juu, na tumbo siku atakapolitoa. Kwa watoto wa paka, rudia picha wakiwa na miezi mitatu na miezi sita, kwa kuwa macho ya buluu ya utotoni hubadilika, na baadhi yao, hasa ambao mama yao aliugua akiwa na mimba, huzaliwa na mvi za kijivu zinazopotea kabisa baadaye.

Unapotoa tangazo la aliyepotea, ficha alama moja ambayo hutaiandika, ili umuulize yeyote anayedai kumpata. Tangazo letu la leo, lililokunjwa tayari ndani ya droo ya jikoni, linasomeka hivi: "Paka dume, miaka sita. Kidevu cheupe, soksi moja nyeupe mguu wa nyuma wa kushoto, imeishia kwenye kifundo. Mwili una milia myembamba myeusi juu ya rangi ya majani makavu, iliyokatika ubavu wa kulia tu. Ncha ya mkia nyeusi." Alama tuliyoificha iko tumboni.